Panapong'aa Usikanyage

Ukishuka Migoli usiulize kisiwa,
hakuna atakayejua unasema nini.
Uliza Kilima cha Bibi Lusiana,
nao watakutazama miguuni kwanza.

Mwezi wa nne utavuka kwa mtumbwi.
Wendelini hutoza elfu mbili kwenda;
kurudi, husema, tutaelewana,
na mnaelewana katikati ya maji.
Atakupitisha kwenye miti iliyokufa imesimama,
minandi juu ya matawi wakianika mbawa,
akuonyeshe kwa kasia: hapo chini ni shule.
Hapo josho. Hapo kwa akina Kihwele.
Wewe utaona maji tu, rangi ya chai ya maziwa.

Mwezi wa nane usije.
Maji ni machache kwa mtumbwi, mengi kwa mguu,
na kiboko naye hajaamua alale wapi.

Njoo wa kumi na moja, kabla ya mvua,
kilima kimerudi kuwa kilima
na ulimi wa tope umekishika na nchi kavu.
Funga viatu kwa kamba, vitundike shingoni.
Shika fimbo.
Fuata kwato za ng'ombe, usifuate nyayo za watu:
ng'ombe ana woga, mtu ana haraka.
Palipopasuka, kanyaga.
Panapong'aa usikanyage.

Wageni wa pwani hutuuliza habari za bamvua,
saa ngapi yanakupwa, saa ngapi yanajaa.
Huku mwezi hauna kazi hiyo.
Huku maji yanavutwa na pasi zenu,
na mafriji, na feni zinazozunguka usiku kucha
juu ya watoto wa watu tusiowajua.
Mkiwasha, mtambo bwawani unakunywa,
ziwa linashuka unene wa ukucha,
na huku kwetu njia inaota hatua moja.

Mama alilijua hilo bila kusomea.
Kila Septemba alimpigia kaka Ditrick, Tabata:
"Washeni taa, mwanangu. Washeni na za nje.
Nataka kwenda kumwona mama."
Ditrick alicheka mpaka salio la mama likaisha.
Lakini usiku ule, mkewe ndiye aliyeniambia,
aliinuka, akawasha taa ya chooni, akaiacha.

Sisi wenyewe tulikuwa bado na koroboi.
Nyaya zilitupita juu, zikivuma kama nyuki
wanaohamia kwa jirani.

Kilimani hakai mtu.
Kuna mafiga matatu, yamekaa kama yalivyoachwa
siku lori lilipokuja kuwahamisha.
Kuna jiwe la kusagia, tumbo limebonyea;
dereva alilitazama, akatikisa kichwa.
Na kaburi moja, ambalo maji hulifikia ukingoni
yakageuka. Kila mwaka, hapo hapo.
Sisemi ni muujiza.
Mpimaji mmoja alisema ni sentimita arobaini.
Mama alimpa kuku.

Mwaka huu nimekuja bila yeye.
Nimebeba udongo wa Kihesa, alikolala tangu Juni,
kwenye kopo la siagi, kifuniko nimekifunga kwa gundi.
Nilikuwa nimeandaa maneno. Upepo, mchanga machoni,
mbuzi wa mtu fulani ananitazama akitafuna;
nikasema tu, "Kamwene, bibi. Huyu hapa."
Nikamimina, nikapiga kopo kitako
kama anayemalizia unga.

Nilikaa. Sikujua ni muda gani.
Wendelini akapiga mluzi kutoka ng'ambo,
akaonyesha kwa mkono mzima upande wa Kilolo:
mbingu nyeusi, na mto hauna adabu ya kubisha hodi.

Nikatundika viatu. Nikashika fimbo.
Nikatafuta nyayo zangu za asubuhi nizirudie,
nikaziona, moja moja, mpaka ng'ambo,
zimejaa maji kidogo kidogo,
zinang'aa.